Kuloweka mbegu za nafaka kwenye jiberelini kabla ya kupanda kwenye udongo wa chumvi

Kwenye udongo wa chumvi mbegu hukosa maji hata shamba likiwa limelowa, huchelewa kuota, na ukungu huiwahi. Jiberelini (GA3), homoni ya mimea iuzwayo kama dawa ya unga, huchochea vimeng'enya vinavyogeuza wanga wa mbegu kuwa sukari, kwa hiyo mche huota mapema. Chumvi yenyewe inabaki palepale.

1. Tafuta muda. Hapa ndipo wengi huharibu, wala si kwenye dawa. Mahindi na mpunga huvumilia saa 12 hadi 18, ngano karibu 12, mtama 8 hadi 10. Mbegu hutofautiana, kwa hiyo jaribu chache kwanza kwa maji matupu: zitoe kwa saa tofauti, ziache kivulini. Zikiendelea kuota zenyewe bila kuongezewa maji, umepitiliza. Mzizi ukishatokeza, kuikausha ni kuiua.

2. Changanya. Lengo ni miligramu 100 kwa lita. Soma lebo: unga wa asilimia 90 unahitaji miligramu 111, wa asilimia 10 unahitaji gramu 1. Kama mizani yako haisomi miligramu, yeyusha gramu 1 ya unga wa asilimia 90 kwenye mililita 30 za ethanoli (unga huu huelea na kuganda mabonge ukiumwaga moja kwa moja majini), jaza maji hadi lita 1, kisha chota mililita 111 na ujaze tena hadi lita 1. Tumia maji baridi yasiyo na chumvi. Moto huivunja jiberelini.

3. Loweka. Pima mbegu zikiwa kavu, andika uzito. Lita 2 kwa kilo zinatosha, mradi zote zizame. Weka kivulini, nyuzijoto 20 hadi 25, koroga kila saa. Harufu ya uchachu maana yake zimekosa hewa. Fungu jingine liloweke kwa maji matupu, muda uleule. Likiota sawa na la dawa, na hutokea mara nyingi, usinunue dawa tena.

4. Suuza na kausha. Tandaza kivulini, tabaka jembamba, geuza. Ukipanda siku hiyohiyo, zikauke tu kiasi cha kutoshikana. Ukitaka kuziweka, zirudi kwenye uzito ule ulioandika, na zipandwe ndani ya wiki mbili. Hazidumu kama mbegu za kawaida.

Miche ikirefuka, ikawa myembamba na ya kijani hafifu, kisha ikalala, dawa ilizidi: shuka hadi miligramu 50. Ukipanda kwenye udongo mkavu mbegu iliyokwisha kuamshwa hufa, hivyo subiri unyevu. Maharage na soya usiziloweke hivi: maji huingia kwa kasi, seli hupasuka, virutubisho vikavuja. Mbegu zilizopakwa dawa ya wadudu au ya ukungu pia ziache, maana dawa itaishia kwenye maji na mikononi mwako. Zilizolowekwa zikibaki, usile wala usilishe kuku.