Namna ya Kukusanya Historia ya Kisiwa cha Mtoni kutoka kwa Wazee wa Mto Pangani

Anayetaka kuandika habari za watu waliokaa katika visiwa vya Mto Pangani asianze kwa kuuliza mwaka. Mzee akiulizwa "Mlihama mwaka gani?" atataja wowote ili asimvunje moyo mgeni, na mwaka huo ukishaingia kwenye daftari hautoki tena. Afadhali kuanza na maji: masika yalipanda hadi wapi, mitumbwi ilifungwa upande gani, nani alikuwa mvushaji, na mgono, yaani mtego wa samaki, ulitegwa sehemu ipi.

Kabla ya kwenda, jifunze mto wenyewe. Mto huu, ambao wenyeji wa bara huuita Ruvu, hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, kisha huingia baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni. Katika karne ya 19 vijiji kadhaa vya pande za Korogwe vilikuwa visiwani, kwa kuwa maji yalifanya kazi ya boma dhidi ya wavamizi. Kwa hiyo swali la kwa nini watu walihamia kisiwani ni jema, lakini swali la kwa nini waliondoka lina majibu mengi zaidi, na mara nyingi majibu hayo hayafanani kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Ili kupata miaka bila kuiuliza, andaa orodha ya matukio ambayo watu hawayasahau: uhuru wa 1961 na mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka huohuo, kituo cha umeme cha Hale cha 1964, Bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katika miaka ya 1960, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja, Vita ya Kagera ya 1978 na mvua za El Nino za 1997. Kisha uliza kwa adabu: "Bibi, wakati huo ulikuwa umeshaolewa? Mtoto wako wa kwanza alikuwa ameanza kutembea?" Majibu ya namna hiyo huaminika kuliko tarehe, na kina mama huyatoa kwa uhakika zaidi kuliko wanaume, ambao hupenda kueleza mambo ya utawala.

Jitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha nenda nyumbani kwa mzee mwenyewe, utoe shikamoo na usubiri kukaribishwa. Sukari na majani ya chai vinatosha. Ukilipa kwa kila hadithi, hadithi zitarefuka. Eleza wazi kwamba hukuja kupima ardhi, maana anayeulizia mipaka ya mashamba ya zamani hudhaniwa ni mpimaji au wakala wa mnunuzi, na wakati mwingine hudhaniwa hivyo kwa sababu nzuri.

Jambo linalotaka uangalifu kuliko yote ni utumwa. Mashamba ya miwa ya Pangani katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na wajukuu wa waliomiliki na wa waliomilikiwa wanaishi mtaa mmoja, wanaoana na kuzikana. Usimuulize mtu asili yake mbele za watu. Uliza kazi: nani alikata miwa, nani alisimamia, chakula kilitoka wapi. Mwenye kutaka kusema zaidi atasema mkiwa wawili, na akikuomba uzime simu unayorekodia, izime mara moja. Yale aliyokueleza baada ya hapo si ya kuandikwa.

Kama kisiwa bado kinafikika, nendeni wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, pamoja na mwenyeji anayejua kusukuma mtumbwi kwa upondo, yaani mti mrefu, na kujua mamba wanakoota jua. Miembe mikubwa iliyosimama pamoja porini huonyesha palipokuwa na nyumba. Vigae vya vyungu vipigwe picha na kuachwa palepale, na makaburi yasikaribiwe kabla ya kupata ruhusa ya ukoo.

Katika kurekodi, ridhaa ya msemaji isikike kwenye sauti yenyewe. Kaa mbali na upepo na kuku. Unapoandika, acha maneno ya Kizigua au ya Kibondei kama yalivyotamkwa, wala usisanifishe Kiswahili cha Mrima, yaani cha pwani hii. Linganisha baadaye na ramani za Wajerumani za kabla ya 1914, au na vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza vilivyo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukikumbuka kwamba afisa aliyeviandika naye aliambiwa na mtu.

Mwishowe rudi kijijini uwasomee wazee ulichoandika, tena kwa sauti, kwa kuwa wengi macho yamechoka. Watabishana. Andika kauli za pande zote mbili, kila moja na jina la aliyeitoa kama ameridhia, kisha nakala moja ibaki shuleni.