Somo: kufundisha Marekani ilivyotanuka 1783 hadi 1853, wanafunzi waelewe sio wakariri

Walimu wenzangu habari za jioni. Kuna mwenzetu aliomba nieleze hii mada ninavyoifundisha kidato cha sita, leo nimepata nafasi. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika orodha ubaoni, 1803 Louisiana, 1819 Florida, 1845 Texas, wanakopi, wanakariri, mtihani ukipita na yenyewe imepita. Mpaka siku moja binti mmoja aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono akauliza, "mwalimu, kama wenyeji ndo walikuwa wanaishi pale, sasa Ufaransa ilikuwa inauza nini?" Nilisimama na chaki mkononi sina jibu. Toka siku hiyo somo langu lote linazunguka hilo swali.

Hatua ya 1: anza na mto
Sogezeni madawati, chora Mississippi sakafuni kwa chaki toka juu mpaka chini, mdomoni kabisa andika New Orleans. Mkataba wa 1783 uliomaliza vita na Uingereza uliiweka mipaka ya Marekani mpaka kwenye huo mto, ng'ambo ilihesabiwa ya Hispania. Mpe mwanafunzi mmoja mfuko wa unga mwambie wewe mkulima wa Kentucky, unauza wapi? Nyuma yake kuna milima ya Appalachia, reli hakuna, ukipakia mkokoteni kuvuka milima nauli inakula faida yote, kwa hiyo unga unashuka na maji, unaingia mto Ohio, unatokea Mississippi, mpaka New Orleans unapopakiwa melini. Sasa msimamishe mwanafunzi mwingine pale mdomoni amekunja mikono, huyo ndo Hispania. Mwaka 1795 alikubali kwa mkataba Wamarekani waweke mizigo pale, Oktoba 1802 afisa wake akafuta ruhusa. Watoto wa wakulima wanaelewa hapo hapo maana wanajua gunia la mahindi kukwama kwenye geti la mazao likoje.

Hatua ya 2: Haiti, tafadhali msiiruke
Wengi tukiulizwa kwa nini Ufaransa iliuza Louisiana tunasema tu "Napoleon, mtawala wao, alihitaji hela za vita" tunasonga. Ni kweli vita na Uingereza ilikuwa inarudi, ila sio yote. Hispania ilishairudishia Ufaransa Louisiana, yaani ile ng'ambo ya mto pamoja na New Orleans, kwa mkataba wa siri wa 1800, na Napoleon alitaka iwe shamba la kulisha koloni lake la sukari, Saint-Domingue, ambayo ndo Haiti. Kule watumwa walishajikomboa chini ya Toussaint Louverture, akatuma jeshi chini ya shemeji yake Leclerc liwarudishe chini. Toussaint wakamkamata wakampeleka Ufaransa akafia gerezani Aprili 1803, lakini watu wake hawakuacha kupigana, homa ya manjano nayo ikamaliza askari kwa maelfu, Leclerc mwenyewe ikamuua Novemba 1802. Bila sukari ya Haiti, Louisiana ya nini? Waambieni wanafunzi wazi kabisa kwamba Waafrika waliokataa utumwa ndo waliomfanya Napoleon auze, nyuso zao zinabadilika mkisema hivyo, na inastahili.

Hatua ya 3: mauzo
Fupi tu. Rais wa Marekani, Jefferson, alitaka New Orleans na Florida, akamtuma Monroe akaungane na balozi wao Livingston Paris. Kabla Monroe hajafika Paris, Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, akamuuliza Livingston, mtatoa ngapi kwa Louisiana yote? Mkataba una tarehe 30 Aprili 1803, jumla dola milioni 15, kati ya hizo 11.25 kwa Ufaransa na 3.75 madeni ambayo raia wa Marekani walikuwa wanaidai Ufaransa. Eneo ni zaidi ya kilometa za mraba milioni 2, yaani Tanzania mara mbili na chenji inabaki.

Hatua ya 4: kamba
Hapa ndo moyo wa somo, msiharakishe. Zungusha kamba ya katani upande wa magharibi wa mto wa chaki, ndani wasimamishe wanafunzi saba nane wameshika karatasi: Osage, Pawnee, Sioux, Caddo. Wengine wawili waende mlangoni, pale ni Paris, wapeane mikono na karatasi. Halafu waulize walioko ndani, nani amewauliza nyie? Acha kimya kikae kidogo. Kilichouzwa ni madai, ile haki ambayo wakubwa wa Ulaya walipeana wenyewe, kwamba hapa mwenzangu usiingie. Ardhi yenyewe Marekani ilikuja kuichukua baadaye kipande kwa kipande, kwa mikataba ya kubanwa na kwa bunduki, mfano Waosage 1808 wakaachia sehemu kubwa ya Missouri na Arkansas ya leo. Darasa langu lilimtaja Mangungo wa Msovero bila mimi kusema, mwingine akasema na 1890 Mjerumani na Mwingereza walivyogawana sisi na Heligoland.

Hatua ya 5: zilizobaki
Florida 1819, Texas 1845, Oregon 1846, vita na Mexico iliyoisha 1848, kipande cha kusini kilichonunuliwa toka Mexico 1853. Pitia haraka ila simama kwenye sheria ya kuhamisha wenyeji ya 1830 na Wacherokee waliofukuzwa 1838, kama watu 16,000, inakadiriwa robo yao walikufa.

MASWALI

Swali (mwl wa Mbeya): kaka, kipindi dk 40, hii inatosha kweli?
Jibu: Haitoshi, omba vipindi viwili mfululizo. Ikishindikana ruka hatua ya 3, wape wasome nyumbani, kamba usiiache.

Swali: Jefferson si alikuwa mtu wa katiba? Katiba ilimruhusu kununua nchi?
Jibu: Swali zuri mkuu. Haikusema popote, na lilimsumbua mpaka akafikiria kuibadilisha, akaogopa Napoleon asije akageuka. Ikapita kama mkataba, Seneti 24 kwa 7.

Swali (mwl wa Tanga): wanangu wanauliza inatuhusu nini sisi?
Jibu: Dada, nenda sokoni ununue kipande cha merikani uingie nacho darasani. Lile jina linatoka Marekani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts walikuwa wanaleta hicho kitambaa Zanzibar, Sayyid Said akasaini mkataba wa biashara na Marekani 1833. Pamba ya viwanda vyao ililimwa na watumwa kusini, sehemu kubwa kwenye ardhi waliyonyang'anywa Wacreek na Wachoctaw. Wapitishie wakishike mkono kwa mkono kabla hujasema chochote.