Ukienda Kuvua Ughaibuni, Anza na Leseni

Ndugu zetu wengi waliotoka Dodoma na Singida wakishatulia ughaibuni huikumbuka ndoano. Wiki ya kazi imekwisha, mto unapita nyuma ya mtaa, na fimbo ya kuvulia inauzwa dukani bila maswali. Hapo ndipo watu wanapoponzeka. Muuzaji hakuulizi leseni. Utakayekutana naye ukingoni ni mkaguzi, na mara nyingi kabla yake atakuuliza mvuvi mwenzako aliyekaa mita chache kutoka ulipo.

Hilo la kuulizwa na mvuvi mwenzako ndilo geni kwa wengi wetu. Bwawani Mtera kanuni tumezoea kuiona kama jambo la afisa: doria ikija kokoro, yaani wavu wa kukokota, linafichwa, doria ikiondoka linarudi majini. Mvuvi wa Mtera simlaumu sana, maana anatafuta ada ya shule na unga wa nyumbani, na siku asiyoingia majini jiko haliwaki. Mvuvi wa burudani hana njaa hiyo. Amelipia leseni, amelipia vifaa, na anachotaka ni kuwakuta samaki tena msimu ujao. Kwa hiyo wengi wao kanuni wanaihesabu kuwa ni yao, na anayeivunja wanamwona kama anayewaibia wao, si serikali. Si malaika, wapo wanaozidisha idadi, na wapo wanaolalamika kwamba kanuni ni nyingi mno na hazieleweki. Ila ukifika na ile kauli yetu ya "samaki ni wa Mungu, leseni ya nini?" hutapata wa kukuunga mkono.

Tena baadhi ya taratibu hizi wamezianzisha wavuvi wenyewe. Huko Marekani, mwaka 1972, Ray Scott, aliyekuwa akiandaa mashindano ya kuvua bass, aina ya samaki wa maji baridi, alianza kuwahimiza washindani wawarudishe samaki majini wakiwa hai. Utaratibu huo ukaenea hadi mahali ambapo sheria haiudai. Na tangu sheria ya mwaka 1950, kodi ya vifaa vya uvuvi vinavyonunuliwa nchini humo hupelekwa majimboni kutunza samaki na maji yao. Mtu anayejua fedha yake inakwenda wapi huwa mlinzi mzuri.

Sasa tuje kwenye utaratibu wenyewe. England, kila mwenye miaka 13 na kuendelea anahitaji leseni ya fimbo ili avue samaki wa maji baridi. Hutolewa na Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, na unaweza kuikata kwa intaneti. Lakini leseni hiyo haikufungulii kila bwawa. Unahitaji pia ruhusa ya mwenye maji au klabu, na mara nyingi utalipia tiketi ya siku. Kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni mito hufungwa kwa samaki wa kawaida wasio jamii ya trauti na samoni. Marekani kila jimbo lina leseni yake, na asiye mkazi hulipa zaidi, kwa hiyo ukivuka mpaka wa jimbo uliza upya.

Jambo linalowaponza wengi ni kupeleka samaki nyumbani. Sisi samaki ni kitoweo, na kumrudisha perege mnene majini huonekana ni kuchezea riziki. Kwenye mito ya England unaruhusiwa kuchukua kwa siku samaki wadogo 15 wasiozidi sentimita 20, pamoja na samaki aina ya pike mmoja asiyezidi sentimita 65 na wa aina ya grayling wawili wa sentimita 30 hadi 38. Yaani wakubwa ndio wanaobaki, kwa sababu jike kubwa hubeba mayai mengi kuliko dogo. Kwa waliokulia Kanda ya Ziwa hili si geni sana; wameshasikia habari za kanuni ya kuvua sangara wa sentimita 50 hadi 85 tu.

Ukivuka kwenda Ujerumani, mambo yanageuka. Katika majimbo mengi hupati leseni bila kufaulu mtihani wa samaki, vifaa na sheria. Na kwa kuwa sheria yao ya kulinda wanyama inadai sababu ya msingi ya kumuumiza mnyama, kuvua kwa nia ya kumpiga picha tu na kumrudisha kunaweza kukufikisha mahakamani. Adabu ya England inaweza kuwa kosa ng'ambo ya pili ya bahari. Usiige jirani wa nchi nyingine. Soma kanuni za maji unayosimama.

Beba rula. Mlaze samaki juu yake, mdomo umefungwa na ukigusa mwanzo wa kipimo, kisha tazama kanuni ya hapo inasemaje kuhusu mkia: kwingine pande mbili za mkia hubanwa pamoja ndipo usome, kwingine husomwa hadi kwenye panda ya mkia. Sentimita moja inaweza kukugharimu faini. Lowesha mikono kabla ya kumshika unayekusudia kumrudisha, usije ukamwondolea ule ute unaomkinga.

Ukija likizo nyumbani Tanzania, usiyaache hayo uwanja wa ndege. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inamhusu na mgeni wa wiki mbili. Ukitaka kuvua kwenye bwawa la Mtera au la Hombolo, onana kwanza na afisa uvuvi wa wilaya kuhusu leseni, kisha fika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, usalimie viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambao ni wavuvi wenyewe wanaolinda maji yao. Waulize maeneo ya mazalia yasiyoguswa. Ukiuziwa vifaranga wa perege walionaswa kwa kokoro au chandarua, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Na Mtera usisimame ndani ya maji kama ulivyozoea kwenye mto wa Ulaya: mamba wapo, viboko wapo. Vulia nchi kavu, mahali wenyeji watakapokuonyesha.