Somo: Barua ya Medicaid imeingia WhatsApp yako Bukavu, ufanye nini?

Mwenye ndugu aliyepelekwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Gihembe analijua jambo hili. Saa tano usiku simu inalia: foto nne za karatasi za Kiingereza, na chini yake neno moja, "Nisomee." Mara nyingi ni barua ya Medicaid. Somo hili ni lako wewe unayesomea watu ukiwa Ibanda, Kadutu au Bagira, kwa sababu ukikosea tarehe huku, mama kule anaweza kujikuta analipa hospitali kutoka mfukoni.

Medicaid ni bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo. Ilianza mwaka 1965. Pesa zinatoka serikali kuu na jimboni, lakini kila jimbo linaiendesha lenyewe, ndiyo maana jibu la shemeji aliyeko Kentucky halimfai binamu aliyeko Texas. Hata jina hubadilika: California inaitwa Medi-Cal, Tennessee ni TennCare, Wisconsin ni BadgerCare Plus. Usiichanganye na Medicare, ambayo hasa ni ya wazee wa miaka 65 na zaidi.

Hatua ya 1: Tarehe kabla ya maneno

Omba foto ya kila ukurasa, mbele na nyuma. Watu hutuma ukurasa wa kwanza tu, na haki ya kukata rufaa kwa kawaida iko kwenye kurasa za mwisho.

Marekani huandika mwezi mbele ya siku. 03/04/2026 ni tarehe 4 Machi. Sisi tuliozoea mtindo wa Kifaransa tunasoma 3 Aprili, na mwezi mzima unapotea hivyo hivyo. Andika tarehe ya mwisho kwa maneno, "tarehe nne mwezi wa tatu", kisha umtumie kwa sauti.

Halafu tazama majina moja moja. Barua moja inaweza kuwakubali watoto watatu na kumkataa baba. Ukisema tu "wamekataa", familia nzima itaacha kwenda kwa daktari bila sababu.

Hatua ya 2: Aliingia Marekani kwa njia gani?

Mwambie apige foto ya kadi ya kijani, utafute sehemu ya "Category". Ikiandikwa RE6, RE7 au RE8, alitokea kwenye ukimbizi. Ikianza na DV, aliingia kwa bahati nasibu ya viza. Kama hana kadi bado, tazama I-94, karatasi ya kuingia Marekani: mkimbizi ana herufi RE, aliyepewa hifadhi ana AS.

Herufi hizo zina uzito kwa sababu ya sheria ya mwaka 1996. Mtu mzima aliyekuja kwa bahati nasibu au kwa kuitwa na ndugu kwa kawaida husubiri miaka 5 tangu apate kadi ya kijani. Mkimbizi hakuwekewa kungojea huko. Ila sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha hesabu: kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, kuwa mkimbizi peke yake hakutoshi kwa Medicaid ya kawaida, lazima awe ameshapata kadi ya kijani. Mkimbizi anaruhusiwa kuiomba akishatimiza mwaka 1 Marekani. Kwa hiyo yule anayesema "nitaiomba nikipata nafasi" mwambie nafasi ni sasa.

Hatua ya 3: Hesabu ya pesa

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na si kwa kuwa ni matajiri.

Majimbo 40 pamoja na Washington, D.C. yamepanua Medicaid. Huko mtu mzima wa miaka 19 hadi 64 anakubaliwa kama kipato hakizidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, yaani kiwango cha kipato ambacho serikali hutumia kupima umaskini. Kwa viwango vya mwaka 2025, mtu 1 asizidi karibu dola 1,800 kwa mwezi, familia ya watu 4 karibu dola 3,697, na ya watu 6 karibu dola 4,962. Alaska na Hawaii zina viwango vyao. Mstari huu hurekebishwa kila mwaka, usitumie karatasi ya zamani.

Kinachohesabiwa ni mshahara kabla ya makato, ule tunaouita bruti. Watu husoma pesa iliyoingia benki, wanaandika hiyo, kisha kompyuta ya jimbo inakuta namba nyingine kwa mwajiri na barua ya maswali inatoka.

Chukua baba wa familia ya watu 4 anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nyama kwa dola 17 kwa saa. Kwa saa 40 anapata dola 680 kwa juma. Mwezi una majuma 4.33, si 4, kwa hiyo ni karibu dola 2,944. Amekubalika. Sasa bosi anampa saa 10 za ziada kila juma, na kila moja inalipwa dola 25.50. Juma linakuwa dola 935, mwezi unakuwa karibu dola 4,048. Amepita mstari. Kama saa za ziada zilikuwa za majuma mawili tu, lazima aandike hivyo na aambatanishe karatasi za mshahara za kawaida, la sivyo ofisi itadhani ndiyo mshahara wake wa kila siku.

Hata yeye akitolewa, watoto wasitolewe mkono mmoja naye. Kiwango cha watoto ni cha juu zaidi, na pale Medicaid inapoishia kuna CHIP, mpango wa watoto ulioanza mwaka 1997. Tena tangu tarehe 1 Januari 2024, mtoto akishakubaliwa hukaa miezi 12 hata mshahara wa baba ukipanda katikati. Mama mjamzito naye ana kiwango chake cha juu.

Gari na akiba ya benki haviulizwi kwa makundi haya. Vinaulizwa kwa wazee na kwa wenye ulemavu, ambao hufuata hesabu nyingine.

Texas, Florida, Georgia, Alabama, Mississippi, South Carolina, Tennessee, Kansas na Wyoming hazijapanua. Huko mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu mara nyingi hapati kitu, hata akiwa hana kazi. Mkimbizi mpya aliyekosa Medicaid kwa njia hiyo ana msaada wa matibabu wa wakimbizi, ila tangu Mei 2025 umepunguzwa kutoka miezi 12 hadi miezi 4 tangu kufika. (Wisconsin haikupanua, lakini inawachukua watu wazima walio chini ya mstari wenyewe wa umaskini.)

Hatua ya 4: Kuomba

Kuomba ni bure. Anayedai dola 50 kujaza fomu anauza hewa. Njia ni tovuti ya jimbo, HealthCare.gov, simu, karatasi ya posta, au kwenda ofisini. Kwa asiyesoma Kiingereza, ofisini au simu ni bora, na aanze kwa kusema "Swahili interpreter, please". Mkalimani ni haki yake na halipi. Asimtumie mtoto wa miaka kumi kutafsiri mambo ya mshahara.

Aandae namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya Marekani) ya kila anayeombewa, kadi ya kijani au I-94, karatasi za mshahara za siku 30 zilizopita, anwani ya nyumba, na kodi ya mwaka uliopita kama aliijaza.

Majina yetu matatu yanaleta fujo. Huku tuna nom, postnom na prénom. Kule kuna nafasi mbili, na ofisa wa kambini aliweka lolote popote. Aandike jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa, na tarehe ya kuzaliwa iwe ile ya karatasi za Marekani, hata ikiwa 01/01. Kusahihisha jina ni safari nyingine. Majina yasipolingana, ofisi huomba uthibitisho. Kwa jambo la uhamiaji humpa siku 90 za kuleta karatasi, na katika siku hizo bima inapaswa kufanya kazi kama mengine yote yametimia.

Hatua ya 5: Baada ya kutuma

Jibu linapaswa kutoka ndani ya siku 45, au 90 kama ombi ni la ulemavu. Akikubaliwa, mara nyingi barua nyingine humtaka achague kampuni ya kusimamia matibabu na daktari wa kwanza. Asipochagua atachaguliwa, na anaweza kupewa daktari anayefikiwa kwa basi mbili.

Hatua ya 6: Kuhuisha

Kwa kawaida ni kila miezi 12. Fomu huja ikiwa imejazwa nusu, naye hupewa angalau siku 30 kuirudisha. Wengi hutolewa hapa, kwa bahasha iliyoenda nyumba ya zamani, huku mshahara ukiwa ule ule. Akihama, abadilishe anwani Medicaid pia, maana kuwaambia posta pekee hakutoshi. Akitolewa kwa kutorudisha fomu, ana siku 90 za kuirudisha bila kuanza ombi jipya.

Kwa watu wazima wa lile kundi lililopanuliwa, uhakiki utakuwa kila miezi 6 kuanzia mwisho wa 2026. Na ifikapo tarehe 1 Januari 2027 watatakiwa kuonyesha saa 80 za kazi, masomo au huduma ya kujitolea kwa mwezi. Mzazi wa mtoto wa miaka 13 au chini hadaiwi, wala mjamzito, wala mgonjwa sana, lakini lazima ofisi ijue hali yake. Karatasi za mshahara zianze kutunzwa kwenye bahasha moja.

Maswali ya wanachama (mbele ya kila swali ni mtaa wa anayeuliza)

Kadutu: Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) anatutumia dola 300 kila mwezi, na watoto wake wawili wako kwetu. Hiyo inapunguza hesabu yake?

Hapana, yote mawili. Pesa anayotuma Bukavu bado ni kipato chake. Na mtoto asiye raia anayeishi Congo hawezi kuandikwa kuwa tegemezi kwenye kodi ya Marekani, hivyo hahesabiwi katika watu wa nyumba. Akiwaandika ili familia ionekane kubwa, amesema uongo kwenye karatasi aliyoitia sahihi chini ya kiapo.

Bagira: Kaka amehama Texas kwenda Iowa. Kadi yake itafanya kazi?

Haitafanya. Medicaid haivuki mpaka wa jimbo. Aifunge ya Texas, aombe Iowa mara akipata anwani. Iowa imepanua, kwa hiyo aliyekataliwa Texas asikate tamaa.

Nguba: Naweza kupiga simu ofisini mimi mwenyewe kutoka Bukavu?

Ukijitambulisha kama ndugu tu, hawatakuambia kitu. Kuna njia mbili. Ndugu yako apige yeye, akuunganishe kwenye simu, aseme kwa kinywa chake kwamba anakuruhusu. Au ajaze fomu ya mwakilishi. Usijifanye yeye, wala usimtilie sahihi. Na neno la siri la akaunti yake libaki kwake. Ofisi ikifungua saa mbili asubuhi Louisville (Kentucky), Bukavu ni saa nane mchana, au saa tisa wakati wa baridi kwao. Des Moines (Iowa) ongeza saa moja.

Panzi: Dada alilazwa Machi, ameomba Mei, bili ya Machi ni ya nani?

Kwa sheria inayotumika hadi mwisho wa 2026, Medicaid inaweza kurudi nyuma miezi 3 kabla ya mwezi wa ombi, kama alistahili wakati huo. Kuna majimbo yaliyopewa ruhusa ya kupunguza. Ajibu "ndiyo" panapoulizwa kama ana bili za nyuma, kisha ahakikishe hospitali imepata namba ya kadi yake kabla hajalipa hata dola moja. Kuanzia Januari 2027 miezi hiyo inakuwa 1 kwa kundi lililopanuliwa na 2 kwa wengine.

Ibanda: Binamu aliingia kwa bahati nasibu mwaka jana, sasa ana mimba. Ile miaka 5 inamfunga?

Inategemea jimbo. Mengi yameondoa kungojea kwa wajawazito na watoto wenye makaratasi, kwa hiyo aombe, asijikatae mwenyewe. Hata akiwa katika jimbo lisiloondoa, kujifungua huhesabiwa dharura, na Medicaid ya dharura hulipa kama kipato chake kiko chini ya kiwango. Kwa kliniki ya kila mwezi atafute kituo cha afya cha jamii kinachotoza kwa kadiri ya mshahara.

Kadutu: Mama amekuja kwa matanga, ameugua malaria. Bima yake italipa hapa?

Hapana. Medicaid hailipi hospitali yoyote nje ya Marekani. Mtalipa wenyewe. Na kama atakaa muda mrefu, awaulize wa jimbo lake kabla fomu ya kuhuisha haijafika kwenye nyumba isiyo na mtu.

Bagira: Wamemkataa, anaona ni makosa. Muda wa rufaa ni gani?

Umeandikwa kwenye barua, na hauzidi siku 90. Lakini kama tayari alikuwa na bima na wanataka kuikata, tazama tarehe ya kukatwa. Barua inapaswa kutumwa angalau siku 10 kabla yake. Akiomba rufaa kabla ya tarehe hiyo na kudai bima iendelee, itaendelea hadi uamuzi. Ukiipata ile foto usiku, basi, usingoje asubuhi: msomee tarehe hiyo tu, mengine mtasoma kesho.