Somo: Kuchambua rekodi za niuroni kwa SpikeInterface kwenye laptopu ya kawaida

Ndugu wanachama, huhitaji leseni ya MATLAB wala kompyuta ya bei ya shamba. SpikeInterface ni programu huria ya Python ya kuchambua umeme wa niuroni (seli za neva) ulionaswa kwa elektrodi, na laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha kuanzia.

Hatua ya 1: Kusakinisha

Tengeneza mazingira ya peke yake ili usivuruge Python uliyo nayo, kisha andika:

pip install "spikeinterface[full,widgets]"

Vifurushi hivi hula bando vibaya. Mwenye WiFi ya chuo avishushe kwa *pip download*, awagawie wengine kwa flashi. Sharti wote muwe na mfumo mmoja na toleo moja la Python, la sivyo flashi hiyo haina faida.

Hatua ya 2: Kufungua faili

Mafaili ya vifaa vya kurekodia vya Open Ephys, Intan, Blackrock na Neuralynx husomwa moja kwa moja. Kama lako ni baini tupu (namba zisizo na maelezo), itakubidi utaje mwenyewe idadi ya chaneli (njia za kurekodi), kasi ya sampuli, aina ya namba na kipimo. Kwa chipu za Intan, namba moja ni mikrovolti 0.195. Ukiruka hapo, spaiki (mpigo mfupi wa umeme wa niuroni) ya mikrovolti 100 itasomeka zaidi ya 500, nawe utaanza kusherehekea bure.

Chaneli 32 kwa sampuli 30,000 kila sekunde, baiti mbili kila sampuli, ni karibu MB 115 kwa dakika. Usiogope: programu husoma kipande kwa kipande.

Hatua ya 3: Tazama kwa macho

Wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote. Chora sekunde moja ya rekodi ghafi kwa *plot_traces*, halafu nusu ya sekunde, halafu kipande kifupi zaidi. Spaiki hudumu milisekunde moja au mbili tu. Ukiona wimbi pana linalojirudia kila milisekunde 20, huo ni umeme wa ukutani. Mifano mingi mtandaoni imeandikwa Marekani, ambako umeme ni Hz 60. Wetu Uganda ni Hz 50. Ukinakili mstari wao wa chujio bila kubadilisha namba, unachuja hewa.

Tiba bora iko mezani, kabla ya kurekodi. Chomoa chaja, laptopu itumie betri. Zima taa za mrija. Funika kifaa kwa wavu wa kuku wa dukani, uuunganishe na ardhi ya amplifaya. Kelele ikishaingia kwenye faili, unaipunguza tu.

Hatua ya 4: Kuchuja

Hapa *rec* ni rekodi uliyoifungua, na *si* ni SpikeInterface yenyewe:

import spikeinterface.full as si
rec = si.bandpass_filter(rec, freq_min=300, freq_max=6000)

Kisha ondoa chaneli zilizokufa, ndipo utoe mediani (thamani ya katikati) ya chaneli zote kwa *common_reference*. Mwenye chaneli nne asifanye hivyo: mediani itameza spaiki zake.

Hatua ya 5: Kutenganisha niuroni

Hapa programu hugawa spaiki kwa niuroni iliyozitoa. Kilosort inasifiwa sana kwa kazi hii, lakini imetengenezwa kwa kadi ya NVIDIA. Tumia *spykingcircus2* au *tridesclous2*. Zimo ndani ya kifurushi na hutosheka na prosesa ya kawaida.

Hatua ya 6: Kukagua

Niuroni ikishafyatua hupumzika kidogo. Ukikuta spaiki nyingi zimeachana chini ya milisekunde moja na nusu, hizo ni niuroni mbili zimepewa jina moja. Zifungue katika Phy, programu ya kukagua spaiki kwa macho, uamue mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi, Ishaka: Mwalimu, sisi tuna SpikerBox (amplifaya ndogo ya kufundishia) na mguu wa mende, chaneli moja, faili la WAV. Tupitie yote haya?*

Hapana. Soma WAV kwa SciPy (maktaba ya Python), chuja, ondoa alama ya kutoa kwenye kila thamani, chukua mediani ya zote, gawa kwa 0.6745, zidisha kwa 4. Hicho ndicho kizingiti: kila kinachokivuka, kihesabu kuwa spaiki. Usitumie mkengeuko wa kawaida, kwa maana spaiki zikiwa nyingi nazo hukipandisha kizingiti.

*Tabibu, Mbarara: Je, EEG (mawimbi ya ubongo) ya wagonjwa?*

Daktari, hiyo ni kazi ya programu ya MNE-Python, nayo husoma EDF, aina ya faili inayotumika kwa EEG. Ila kichwa cha faili la EDF kina nafasi ya jina la mgonjwa. Lifute kabla ya kumpa mtu yeyote, hata mwenzako wa ofisi moja.

*Mwanachama, Gulu: Umeme ukikatika katikati?*

Baada ya kuchuja, hifadhi kwa *rec.save* kwenye diski. Hatua ya 5 utairudia, lakini hutaanza tangu mwanzo.

*Mwanachama, Kampala: Sina rekodi yoyote, nijifunzie wapi?*

Dada, *generate_ground_truth_recording* hukutengenezea rekodi ya bandia pamoja na majibu yake. Anza na dakika moja, chaneli 16, ulinganishe programu ilichopata na kilichomo. Ikikosa niuroni, punguza kelele uone ni ipi inajitokeza kwanza.