Somo: Pokea simu ya mezani kwa simu yako ya mkononi

Simu ya mezani inalia sebuleni, wewe uko juu ya paa unaanika nguo. Inawezekana simu yako ya mkononi ilie pamoja nayo, ipokee, na hata ipige kwa namba ileile ya 020, mradi waifai ya nyumbani ifike ulipo. Salio la SIM haliguswi. Gharama inaingia kwenye bili ya mezani.

Kwanza fuata waya wa simu. Ukiishia kwenye ruta ya faiba, sauti yako tayari inapita kwenye intaneti. Waombe waliokuunganishia jina la akaunti ya SIP (utaratibu wa kupiga simu kupitia intaneti), nenosiri na anwani ya seva, kisha ruka hadi hatua ya 3. Ukiishia ukutani kwenye waya wa shaba, utahitaji swichibodi ndogo ya SIP, kifaa kinachounganisha laini ya nje na simu za ndani.

Hatua ya 1. Ukienda kununua, Luthuli au kwingine, sisitiza iwe na mlango wa FXO. Hapa ndipo watu hupoteza pesa. FXO hupokea laini inayotoka nje. FXS huipa umeme simu ya kawaida. Vitundu vinafanana kabisa na plagi ni moja, kwa hiyo soma maandishi yake kabla hujachomeka chochote. Laini ya shaba hubeba volti 48 hivi, na inapolia hupanda hadi karibu 90. Ukiiingiza kwenye FXS unaweza kuunguza kifaa.

Hatua ya 2. Unganisha swichibodi na ruta kwa kebo, uipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50. Fungua namba za ndani: 101 ya mama, 102 yako. Panga simu zinazoingia zilie kote kwa pamoja.

Hatua ya 3. Pakua Linphone, ni ya bure. Jaza namba ya ndani au jina la akaunti, nenosiri, na anwani ya swichibodi au seva. Mlango wa kawaida (port, yaani namba ya njia ya mtandao, si kitundu) ni 5060. Mfumo wa kubana sauti uache kwenye G.711, sauti yenyewe ni kilobiti 64 tu kwa sekunde, na waifai ya nyumbani haitaisikia.

Hatua ya 4. Kwenye Android, iondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazozimwa ili kuokoa betri. Usipofanya hivyo, skrini ikizima simu haitalia.

Na hili nawasihi: msifungue mlango wa 5060 wa swichibodi kwa intaneti. Kuna mitambo inayozunguka usiku na mchana ikikisia nenosiri, na ikipata, inapiga simu za nje ya nchi kwa laini yako. Bili ni yako. Nenosiri liwe refu, si 101 kwa namba 101.

MASWALI

Buruburu: Naweza kutuma M-Pesa kupitia laini hiyo?
La. M-Pesa na SMS hubaki kwenye SIM. Hapa ni sauti pekee inayopita.

Umoja: Nikitoka nje ya geti nikiongea, simu itakatika?
Itakatika, waifai ikiisha. BT ya Uingereza ilikuwa na huduma ya kuvusha mazungumzo, BT Fusion, mwaka 2005: ukitoka nyumbani simu inahamia mtandao wa simu bila kukatika. Lakini hiyo ilihitaji mitambo upande wa kampuni, haifungwi na mtu nyumbani kwake.

South B: Stima ikipotea je?
Ruta na swichibodi zitazima. Laini ya shaba yenyewe hupata umeme kutoka kituo cha simu, kwa hiyo weka kigawanyaji cha laini (splitter) ukutani na uiache simu ya zamani, ile isiyo na plagi ya stima, ikiwa imeunganishwa moja kwa moja. Kama ni faiba, nunua betri ya akiba ya ruta, hasa ukiwa na mgonjwa au mzee nyumbani.

Kasarani: Najisikia mwenyewe nikiongea.
Huo ni mwangwi wa FXO. Ingia kwenye mipangilio ya swichibodi, punguza sauti ya mlango huo kidogo kidogo, kisha hakikisha kizuia mwangwi kimewashwa.