Kiazi kikuu kinachozaa hewani: jinsi ya kukipanda Mwanza

Viazi vikuu vingine huchimbwa, hiki huchumwa. Mmea hupanda mti na kuzaa viazi kwapani mwa majani, vingine kama yai, vingine kama ngumi. Ng'ambo ya ziwa, Waganda hukiita kkobe.

Anza na mbegu, maana hatari iko hapo. Aina za porini hufanana sana na ya kulimwa, lakini ni chungu na zina sumu. Usiokote kiazi vichakani. Omba mbegu kwa mtu anayekipika nyumbani kwake, na hata hiyo isionjwe mbichi.

Kiazi kikishakomaa hulala miezi kadhaa. Kiweke kwenye chanja kivulini, penye hewa, mpaka kichipue. Ukizika kilicholala, mara nyingi huoza kabla ya kuota. Panda mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, ili mmea upate na masika.

Chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, fukia kiazi sentimita 8 hadi 10, chipukizi likitazama juu. Acha mita 1 kati ya mashimo. Udongo wa luseni, yaani wa kichanga, hupitisha maji vizuri, ila bila samadi hautoi kitu. Kwenye mbuga, yaani udongo mzito mweusi wa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 40. Maji yakituama, kiazi kimekwisha.

Mahali pa mmea kukwea ndipo wengi hukosea. Nguzo isipungue mita 3, na mti ulio hai, kama lusina, ni bora kuliko nguzo kavu: mchwa hula nguzo, nayo huanguka wakati mmea umebeba. Mawe yetu makubwa yanavutia macho, lakini mmea huu hupanda kwa kujisokota, na jiwe halisokoteki. Shina lina upande wake wa kuzunguka. Ukilipindisha kinyume litajifungua.

Chuma majani yakiwa ya njano na kiazi kikiachia kwa kuguswa tu. Kilichong'olewa kichanga hunyauka. Kiazi cha ardhini kiache, kifunike kwa nyasi; msimu ujao kitachipua kwa nguvu zaidi. Okota vyote vilivyodondoka, kwani huota popote: huko Florida, Marekani, mmea huu umekuwa gugu linalofunika miti.

Jikoni, menya, chemsha mpaka kilainike kabisa, mwaga maji. Kikibaki kichungu, tupa, na mbegu yake usiirudie.